Mwanafunzi wa Kinyota

Mzee Kifungu alipoingia ofisini kwangu alikataa kiti. Aliweka ombi lake mezani, akalinyoosha kwa kiganja, akaniambia kwamba muda wangu wa kumjibu kisheria umeanza kuhesabiwa palepale, hata kama bado nakunywa chai.

"Hiki ni kikombe cha kalamu, mzee," nikamwambia.

Alichungulia ndani ya kikombe kuhakikisha. Hapo nikajua kwamba yote niliyosimuliwa juu yake yalikuwa kweli.

Jina hilo la Kifungu tulimpa sisi maafisa wa taarifa. Kila ofisi ya umma inatakiwa kuwa na afisa wa kujibu maombi ya wananchi, na kwa kawaida huteuliwa yule ambaye siku ya kikao hakuwepo kujitetea. Tunajuana, tunapigiana simu. Watu wa maji walikuwa wameshanionya, na wa barabara pia: ni mstaafu, alikuwa fundi wa laini za umeme, amepanda nguzo maisha yake yote, na tangu ashuke amehamia kwenye sheria. Hasemi sentensi mbili bila kutaja kifungu. Idara ya maji ilimnyima mkataba mmoja, akakata rufaa kwenye Tume ya Taarifa, akashinda, kisha akarudi kuomba mwingine.

Safari hii alitaka idadi ya wanafunzi walioachishwa masomo katika chuo chetu mwaka uliopita, kozi moja moja, pamoja na sababu. Majina hakuyataka. Aliandika hivyo kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake, ili nisije nikamdhania mmbea.

"Kwani chuo kimekukosea nini, mzee?" Sheria hainiruhusu kumdai mwombaji sababu, lakini hainikatazi udadisi.

"Nina binti hapa. Kozi ya laini, mwaka wa pili." Alijivuta juu kidogo aliposema hivyo. "Ameniambia kuna rafiki yake wamemwachisha kimyakimya. Msichana mwenzake. Nataka nijue mnawafanyia hivyo wangapi."

Nikaligonga ombi muhuri, nikampa nakala. Akaisoma nakala yote kabla ya kutoka, kana kwamba ningeweza kuibadilisha mbele ya macho yake.

Kazi yangu ina mabosi wawili wasiosalimiana. Sheria moja inasema kumbukumbu za ofisi ya umma ni za umma, na chuo chetu cha ufundi ni cha umma, kwa hiyo mwananchi akiomba apewe. Sheria ya pili inasema kumbukumbu za mwanafunzi ni za mwanafunzi mwenyewe. Akishakuwa mtu mzima, hata mzazi anayemlipia ada hana ruhusa ya kuchungulia faili lake. Zote mbili zilitungwa na watu wenye akili timamu, ila nina hakika hawakuwahi kukaa chumba kimoja.

Katikati ya sheria hizo tumeweka kanuni yetu ya kazi. Idadi ikiwa chini ya tano hatuiandiki. Pale tunaweka kinyota. Ukisema kwamba katika kozi yenye watu wachache mmoja aliachishwa kwa ulevi, jina hujalitaja lakini mtu umemtaja. Jedwali alilitengeneza Bwana Takwimu, mtumishi wa siku nyingi anayevaa miwani moja machoni na nyingine kichwani. Useremala, magari, bomba, uchomeleaji, kozi zote zilikuwa na idadi kubwa, maana chuo chetu hakina huruma. Kwenye laini za umeme palikaa kinyota. Na kwenye sababu, kinyota kingine.

Nikaomba faili la huyo wa kinyota, kwa sababu mwanafunzi ana haki ya kujulishwa kumbukumbu zake zinapotafutwa. Nikalifungua. Kwenye mstari wa mzazi au mlezi lilikuwepo jina halisi la Mzee Kifungu, lile aliloandika kwenye ombi. Nikalifunga, nikalifungua tena, jina likawa lilelile.

Binti alikuja siku hiyohiyo nilipompigia simu. Alikuwa na miaka kama ishirini na mbili, vidole vinanuka waya ulioungua. Aliniamkia, akakaa, akauliza nani anamtafuta. Maombi ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kuyasoma, kwa hiyo nikamsogezea karatasi. Hakufika hata kwenye jina. Aliutambua mwandiko.

"Ni baba," akasema.

"Ndiyo."

"Mungu wangu. Ameandika kweli."

Akanieleza yote, na yote yalikuwamo kwenye faili, ila kwenye faili yalikuwa makavu zaidi. Nyuma ya karakana kuna nguzo ya majaribio. Kila mwanafunzi wa laini anatakiwa kuipanda hadi juu, afunge mkanda, afanye kazi kwa mikono miwili, ashuke. Ukishindwa mara tatu unaachishwa, hata kama masomo mengine yote umefaulu. Na yeye mengine yote alifaulu.

"Nikifika katikati mikono inagoma kuachia," akasema. "Naogopa, mama, sikatai. Lakini kichwani najua kabisa cha kufanya. Mikono ndiyo haisikii. Mara ya tatu ilibidi mwalimu apande anishushe, mbele ya darasa zima."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani natoka na begi asubuhi kama kawaida. Naenda dukani, kuna fundi amenichukua. Natengeneza feni, pasi, vitu vya kukaa chini."

"Na huyo rafiki yako aliyeachishwa?"

Akatazama sakafu. "Hakuna rafiki."

Akachomoa kalamu moja kikombeni, akaigeuza vidoleni.

"Nilitaka kumpima baba. Tulikuwa tunakula, nikamwambia kuna rafiki yangu ameachishwa. Nilijua atasema 'maskini' au atasema 'mzembe huyo', halafu ningejua pa kuanzia. Hakusema hiki wala kile. Aliacha kula, akaomba karatasi."

Nilitaka kucheka na nikaona aibu kutaka kucheka. Kuna nyumba ambamo binti akileta habari ya namna hiyo mzee anaguna tu na kuendelea na tonge lake. Huyu alizaliwa kwenye nyumba ya mtu mwenye kukata rufaa.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Leo. Mimi nitabaki na ombi lisilo na kazi."

"Sebuleni kuna picha yangu, nimevaa kofia na mkanda wa kupandia. Kila mgeni akija anaonyeshwa picha hiyo kabla hajapewa maji. Nitaanzaje?" Akanisogezea karatasi. "Usimpe, mama. Tafadhali."

"Faili ni lako, simpi. Lakini jibu langu halitamridhisha."

"Atakata rufaa."

"Najua."

Nilimpelekea mzee jedwali lenye kinyota. Haikuchukua muda, nikapokea wito wa Tume.

Tume ya Taarifa inakaa ghorofa ya tatu, kwenye chumba chenye meza ndefu na feni ya dari inayolalamika. Mwenyekiti ni jaji mstaafu, mwanamama mwembamba anayesikiliza akiwa amefumba macho, na mawakili wageni hudhani amelala. Bwana Takwimu alikaa kushoto kwangu. Mzee Kifungu alikaa peke yake upande wa pili, amefunga vifungo vyote vya koti.

Alianza kwa upole ulionitia wasiwasi. "Mheshimiwa, chuo kimeandika jumla ya walioachishwa ni arobaini na watatu. Mimi sikusoma sana, lakini kujumlisha najua. Nimejumlisha kozi nyingine zote nikapata arobaini na wawili."

Bwana Takwimu alivua miwani ya machoni, akashusha ya kichwani.

Lilikuwa kosa la kitoto kwa watu wa kazi yetu. Anayeficha namba moja lazima afiche na ya jirani yake, au aifute jumla. Vinginevyo jumla inaropoka. Bwana Takwimu alisahau, na mimi nililipitia jedwali lile na kulitia sahihi. Nilijichukia pale kitini. Binti wa watu alinikabidhi siri yake, nikaitoa kwa hesabu ya darasa la pili.

"Kwa hiyo ni mmoja," mzee akaendelea. "Kinyota hiki ni mtu. Mheshimiwa, ile kozi ina wasichana wa kuhesabu kwa vidole. Nimefanya kazi na wakufunzi wa aina ile, nawajua, wanasema nguzo haimfai mwanamke. Si kweli. Wanawake wanapanda. Mimi ninaye mmoja nyumbani kwangu, anapanda kuliko nilivyopanda mimi katika umri wake." Akaigonga meza kwa kidole. "Sasa huyu mwingine nani amemsukuma nje? Chuo kinaificha aibu yake chini ya gauni la mtoto, halafu kinasema ni faragha."

Nilitazama meza. Ningeweza kumjibu kwa neno moja na kesi ikaisha, na neno hilo halikuwa langu. Na niseme ukweli, hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Wakubwa wanaolipenda neno faragha pale tu linapowafunika wao nimewaona kwa macho yangu.

"Mheshimiwa," nikasema, "chuo hakina faragha. Mzee akitaka nitampa kanuni za mitihani leo hii. Nitampa majina ya wakufunzi wa kozi ile na matokeo yake ya miaka yote, wasichana na wavulana. Anachoomba sasa ni sababu ya mtu mmoja, na baada ya hesabu aliyoifanya hapa, kutoa sababu ni kumtaja mtu."

Mwenyekiti alifumbua macho. "Huyo mwanafunzi ameulizwa?"

"Ameulizwa. Amekataa."

"Ametishwa!" mzee akasema.

"Kaa, mzee."

"Kifungu cha kumi na—"

"Kifungu nakijua, mzee, nilikuwepo kikiandikwa. Kaa."

Akakaa. Mwenyekiti akasema kwamba namba imeshatoka na haiwezi kurudishwa ndani. Kuhusu sababu, atatoa uamuzi kikao kijacho, na akatuonya kwamba uamuzi huo unaweza kwenda upande wowote. Kwa jinsi alivyonitazama wakati anasema hivyo, niliona unakwenda upande gani. Ofisi iliyokosea hesabu haiaminiki kwa urahisi.

Mzee alinisubiri kwenye korido, karibu na dirisha. Hasira ilikuwa imemtoka.

"Wewe unamjua huyo kijana," akasema.

"Siwezi kujibu hilo."

"Usijibu. Nisikilize tu. Kama unamjua, mwambie kuna mzee mmoja asiyemjua anampigania. Halafu mwambie aende nyumbani akaseme. Asikae na jambo hilo peke yake, litamla. Wazazi tunafoka, ndiyo, tunaweza kufoka mpaka majirani wakaja. Lakini hakuna mzazi anayemtupa mtoto kwa ajili ya chuo." Akashika kifungo cha koti. "Mimi ningekuwa baba yake ningemwambia hivyo."

Nilimwangalia nikitamani kuwa mtu wa kazi nyingine, muuza viatu labda. Nikamwambia nimesikia.

Jioni nilipita dukani. Binti alikuwa amekaa kwenye mkeka, feni imefunguliwa mbele yake, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha kopo. Fundi mwenye duka alikuwa nje akibishana na mteja. Nikachuchumaa, nikamweleza hali ilivyo: namba imejulikana, kosa ni letu, naomba radhi, na Tume ikiamua upande wa mzee nitalazimika kumpa sababu kwa maandishi.

"Atasoma kwenye karatasi," akasema.

"Yenye nembo ya chuo. Ameshindwa jaribio la kupanda mara tatu."

Kisha nikampa ujumbe, neno kwa neno, kama nilivyopewa. Alisikiliza huku akikaza skrubu ambayo ilikuwa imeshakazwa.

"Amesema hivyo baba? Kwamba hakuna mzazi anayemtupa mtoto?"

"Kwa mdomo wake."

"Hayo alikuwa anamwambia mtoto wa mwenzake," akasema, akaichomeka feni kwenye umeme. Ikazunguka vizuri.

Alikuwa ameishi na huyo mzee miaka ishirini na mbili, mimi nimekutana naye kwenye korido. Nikamuaga, nikaondoka nikiwa na hakika kwamba siku ya kikao nitakwenda kusikia uamuzi na baada ya hapo nitaandika barua mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Siku hiyo mzee aliingia na faili lake la rufaa kwapani, hakulifungua. Binti alikuwa nyuma yake. Alikaa kwenye benchi la wasikilizaji, mikono mapajani, macho yamevimba kidogo. Nilimtazama mara moja tu, kwa sababu kisheria sikuwa namfahamu.

Mwenyekiti hakuwahi hata kufumba macho. Mzee alisimama kabla ya kuitwa.

"Mheshimiwa, naiondoa rufaa yangu."

Chumba kizima kilimgeukia, pamoja na karani, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuandika maneno hayo kutoka kwa mtu huyo.

"Unaruhusiwa," mwenyekiti akasema. "Kanuni inataka sababu iandikwe kwenye kumbukumbu."

"Sababu ninayo. Naomba nisiiseme."

"Mzee, kumbukumbu za Tume hii ni za wazi. Wewe ndiye uliyetukumbusha hivyo, zaidi ya mara moja."

"Najua ni za wazi, mheshimiwa. Ndiyo maana siisemi."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama benchi la nyuma, akanitazama mimi. Nilijitahidi uso wangu usiseme kitu. Akamgeukia karani. "Andika kwamba mrufani ameondoa rufaa kwa hiari yake." Karani akaandika, tukatawanyika.

Kwenye korido nilitaka kupita haraka. Mzee akasimama mbele yangu. Kwa karibu alionekana mtu ambaye hajalala, koti lake limefungwa kifungo kimoja tu.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Siwezi kujibu hilo, mzee."

"Hata sasa?"

"Hata sasa. Mpaka mwenye faili aruhusu."

Alifungua mdomo, na nilijua kinachokuja kina namba ya kifungu. Binti akamtangulia.

"Namruhusu," akasema.

Sheria inataka ruhusa ya namna hiyo iwe ya maandishi, na sahihi. Niliamua kwamba siku hiyo sheria ingojee kidogo.

"Nilikuwa najua," nikamwambia mzee. "Tangu nilipofungua faili lake. Alikuja ofisini siku hiyohiyo."

"Akakwambia habari ya nguzo."

"Ndiyo."

"Na ya mikono."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa malalamiko rasmi, hata kwa rufaa mpya juu ya mwenendo wangu.

"Kwa hiyo wewe ulimsikia kwanza," akasema. "Kwako alikaa kwenye kiti akaeleza yote, wewe asiyekujua. Mimi baba yake aliniletea habari za rafiki."

"Baba," binti akaita.

"Nimekusikia, mama. Nasema tu."

Mzee hakuwa ameuliza chochote, na sikuona kama kuna ofisi yoyote ambayo angeweza kuikatia rufaa. Binti akalichukua faili la rufaa kutoka kwapani mwa baba yake, wakaelekea kwenye ngazi. Ngazi za jengo lile ni za chuma, upande mmoja ukuta, upande wa pili uwazi mpaka chini. Mzee alisimama kwenye kidato cha kwanza, akampisha binti upande wa ukuta, akashuka naye, yeye mwenyewe akiwa upande wa nje.